Bi Ngazi na Pacha Wake

Ofisini walimwita Bi Ngazi, na jina hilo alilipata kwa ubishi wake mwenyewe. Kampuni yao ilitengeneza programu ya kufuatilia miradi, na kila kazi iliyoingizwa humo ilitokea kwenye kioo cha kompyuta imechanganyika na nyingine: kujenga ghorofa, kuezeka paa, kununua misumari, zote sawa kwa sawa kama nguo zilizomwagwa kitandani. Bi Ngazi alishindwa kuvumilia. "Misumari ni mtoto wa paa," alikuwa akisema, "na paa ni mtoto wa ghorofa. Mwacheni kila mtoto akae chini ya mzazi wake, ngazi kwa ngazi!" Wenzake walicheka. Mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akamwambia haya, jaribu.

Aliyemtia moyo ni Pacha. Hawakuwa ndugu, ila waliajiriwa siku moja, wakapewa meza moja, na watu wakawaunganisha hivyohivyo. Pacha alikuwa na ulimi mtamu, kwa hiyo wateja walikuwa wake. Mama yake Bi Ngazi alipolazwa hospitali, Pacha ndiye aliyeshinda wodini akimlisha kwa kijiko. Tangu hapo yule mama akamwita mwanangu.

Kazi ilimtoa Bi Ngazi jasho. Ngazi mbili zilikuwa rahisi, lakini miradi ya wateja ilikuwa na wajukuu, vitukuu na vilembwe, na ukifungua mmoja tu, kioo kinaganda. Alibomoa, akajenga, akabomoa tena. Mpaka siku alipobofya alama ndogo kando ya kazi kubwa, na ukoo mzima ukateremka taratibu, kila kizazi kimesogea ndani kidogo kuliko kilichokitangulia. Alipiga kigelegele palepale. Pacha akamkumbatia.

"Sasa nifanyie kitu kimoja, pacha wangu," Pacha akasema. "Wakubwa wakifungua, waone ngazi ya juu tu. Hizo za chini zinawaumiza macho. Anayezitaka atazifungua mwenyewe."

Lilikuwa wazo zuri. Bi Ngazi aliliweka mchana uleule.

Asichojua ni kwamba Pacha alifungua kazi mpya, akajiandika yeye kuwa mwenye nayo, akaiita "Muonekano wa Ngazi", kisha akazivuta kazi zote za Bi Ngazi na kuziweka chini yake. Kwenye kikao mkurugenzi alipofungua programu, kwenye kioo kikubwa cha ukutani ukatokea mstari mmoja na jina moja.

"Hongera," akamwambia Pacha. "Yote haya umeyabeba wewe?"

Bi Ngazi alimgeukia mwenzake, tabasamu liko tayari, akingoja kutajwa. Pacha alikaza macho ukutani.

"Nilisaidiwa hapa na pale."

Kikao kilipoisha, Bi Ngazi alitangulia kutoka. Alimsubiri nje ya mlango.

"Hapa na pale, Pacha?"

"Usikuze mambo. Kazi zako zipo, hakuna aliyezifuta. Fungua uzione."

"Nani atafungua?"

Pacha akashusha sauti. "Nafasi ya ukuu wa kitengo ilikuwa moja. Na wewe kuongea na watu hupendi."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Kilichomuuma zaidi Bi Ngazi ni kwamba jibu lilikuwa ndiyo. Angempa, tena kwa mikono miwili.

Alikwenda kwa mkurugenzi, akazifungua ngazi moja baada ya nyingine mbele yake. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Nimekuelewa, mwanangu. Ila tangazo la cheo chake limeshatoka, na wateja wanamjua yeye." Bi Ngazi akaomba kuhamishwa, akapewa chumba cha nyuma kinachotazamana na maegesho ya magari.

Nyumbani hakumwambia mama yake. Angeanzaje? Basi Jumapili moja Pacha akabisha hodi, mkononi ana mfuko wa matunda.

"Mwanangu, umeadimika!" mama akafurahi. "Eti umepandishwa cheo?"

"Dua zako, mama."

"Unamsikia mwenzio?" mama akamgeukia binti yake. "Na wewe jitahidi basi."

Bi Ngazi alichukua bilauri zilizokuwa mezani, akaingia jikoni, akafungua bomba mpaka mwisho. Alizisugua zilizo chafu na zilizo safi. Mlango wa mbele ukafungwa.

"Mbona humsindikizi mwenzio?" mama akaita toka sebuleni.

"Njia anaijua, mama."