Picha ya shamba la Bi Mwanaidi

Jamani, leo nimefukuzwa na mtu ninayempenda kama mama.

Mnazijua picha zangu za shamba la Bi Mwanaidi kule mlimani, masika likiwa kijani, kiangazi likiwa limekauka. Asubuhi nilipanda kupiga za mavuno.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

Kimya. (Yeye, asiitikie shikamoo!)

Akanionyesha bango lililosimikwa katikati ya mahindi. Dalali amechukua picha yangu humu mtandaoni bila kuniuliza, akaibandika hapo na kuandika: VIWANJA VINAUZWA. Watoto wa Bi Mwanaidi walioko mjini wameshakubali kuuza.

"Ulisema unapiga kwa kuwa panapendeza," akasema. "Haya, wamependezwa. Nenda, mwanangu."

Nimeshuka sijapiga hata moja.

Nafika nyumbani Kihonda, nakuta ujumbe wa dalali: anaomba picha zaidi za masika, wateja wamezipenda.

Nimjibuje huyu?