Noti ya Kuanzia Iliyomponyoka Mwalimu wa Zaburi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karakana bado imenyamaza. Fundi amekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, katikati ya mageti mawili ambayo hayajakamilika. Magotini ana kalenda ya liturujia na kitabu cha masomo. Kidole chake chenye kovu la moto kinaitafuta Jumapili ijayo, kinaipata, kisha kinapanda juu ya ukurasa kuhakikisha kwamba, katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, huu ni Mwaka C na si B.

"Ukikosea mwaka, msomaji anasoma habari za mavuno, ninyi wanakwaya mnaimba habari za vita," ananiambia. "Kanisa zima linaduwaa."

Ana nusu saa tu. Saa moja mwenzake atawasha mashine ya kusagia chuma, na baada ya hapo masikio hayafai kitu mpaka jioni.

Mtaani wanamwita Fundi. Parokiani ni Mwalimu. Ana miaka hamsini na mmoja. Amechomelea mageti na madirisha kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka kumi na saba amechagua na kuandaa zaburi ya wimbo wa katikati, ile inayoimbwa baada ya somo la kwanza. Kazi ya kwanza inamlisha. Ya pili haimpi hata hela ya sabuni, na ndiyo anayoogopa kuipoteza.

Huanza kwa kusoma maneno kama mtu anayeongea na jirani yake, akipiga mstari kwa penseli pale sauti inapokaza. Kisha hufungua faili lenye zaburi zaidi ya mia tatu zilizoandikwa nota, nyingine kwa mkono wake, na kuanza kutupa pembeni zile zinazopanda mno.

"Zaburi si mashindano," anasema. "Bibi wa benchi la nyuma akisikia kiitikio mara moja, aweze kukirudisha. Asipoweza, basi tumeimba peke yetu."

Mtihani wa mwisho hufanyika jikoni. Anaimba kiitikio mara mbili mkewe akiosha vyombo, kisha anakaa kimya. Mkewe akijikuta anakiimba, kimepita. Akiendelea kusugua sufuria, kinarudi kwenye faili.

"Wiki nyingine najiimbia tu hata kama hakijaniingia," mkewe anacheka. "Nina njaa, na chakula hakipakuliwi mpaka zaburi ipite."

Ni huyo mkewe aliyeligundua jambo ambalo Fundi hakutaka lijulikane.

"Naimba nyuma yake, hageuki," anasema, safari hii bila kucheka. "Nikadhani amenuna. Nikakaa siku mbili najiuliza nimemkosea nini baba watoto."

Miezi minne iliyopita daktari alimwambia kwamba mlio wa mashine umeyala masikio yake. La kulia limepungua. La kushoto ni baya zaidi, kwa sababu hata kile kidogo linachosikia, linakisikia sivyo. Sauti ileile, upande wa kushoto humfikia ikiwa juu zaidi. Vifaa vya kumsaidia kusikia ni bei ya mageti manane. Mwezi mzuri hupata kazi ya mageti matatu, na watu nyumbani wanakula.

"Niliogopa kuliko siku niliyoanguka na ngazi," anasema. "Mwalimu wa kwaya asiyesikia ni nini? Si ni mtu anayepunga mikono tu?"

Akamwapisha mkewe asiseme kwa mtu. Yeye mwenyewe akawa anafika kanisani mapema na kusimama mahali ambapo kinanda kiko kulia kwake.

Wiki tatu zilizopita, umeme ulikatika misa ikiendelea na kinanda kikazima. Hakukuwa na shida, maana mfukoni ana uma wa sauti, kile kipande cha chuma chenye meno mawili. Ukikigonga kinatoa noti moja, na kutoka hapo mwalimu anahesabu kushuka mpaka kwenye Do ya kuanzia.

"Siku zote nauweka sikio la kulia," anasema. "Siku ile mkono wa kulia ulikuwa na karatasi."

Akauweka kushoto. Akatoa Do, nayo ilikuwa juu mno.

Aliyesimama kuimba mashairi ya zaburi alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani, ambaye kwaya nzima inamwita Chiriku. Shairi la kwanza aliliimba akinyanyuka kwa vidole vya miguu. La pili, mishipa ya shingo ilimsimama. La tatu, sauti ikakatika katikati ya neno. Mtu mmoja akacheka. Padre akangoja kidogo, kisha msomaji akainuka kwenda kusoma somo la pili.

Nje, baada ya misa, wanakwaya walisema binti hafanyi mazoezi. Wengine walisema anajisikia sana, dawa yake ndiyo hiyo. Mwalimu alikuwa amesimama palepale, anakunja karatasi.

"Nilijua ni mimi," anasema. "Moyo ulinidunda mpaka nikadhani watausikia wao. Nikanyamaza."

Chiriku hakurudi mazoezini.

Karatasi ya zaburi ya Jumapili ijayo ina nafasi ya jina la mwimbaji. Jina la binti huyo limeandikwa hapo na kufutwa mara nyingi, mpaka karatasi imetoboka.

Nilipomuuliza Fundi kama naweza kuandika habari za sikio, alitazama mlangoni kwanza.

"Ukiandika, wataniondoa," alisema. "Na mimi nikizidi kunyamaza, nimemwondoa yule binti. Nipe mpaka Alhamisi, siku ya mazoezi."

Jumatano jioni alikwenda kwa Chiriku. Aliniomba nimsindikize, nadhani ili aone haya kurudi nyuma. Njiani alisimama mara mbili kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Binti alifungua mlango, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ile noti niliyokupa ilikuwa mbovu. Sikio langu limeharibika. Nikawaacha wakuseme."

"Nilijua."

Fundi alimgeuzia sikio la kulia. "Unasemaje?"

"Nilijua iko juu, Mwalimu, tangu ulipoitoa. Ila uliitoa wewe. Nikasema labda mimi ndiye nimesahau, nikaifuata." Aliivua tepu shingoni. "Haikuniuma noti. Kilichoniuma ni vile ulivyokuwa unakunja karatasi."

Fundi alilia palepale mlangoni, mtu mzima, na hakujificha.

Alhamisi, mbele ya wanakwaya thelathini na wawili, alisema yote. Sauti nzito ikatoka mstari wa nyuma: "Kwa hiyo miaka yote tulipoimba vibaya ukasema vizuri, ulikuwa husikii?" Wakacheka, naye akacheka nao.

Mwenyekiti wa kwaya hakucheka. Alisema suala hilo litafika kwa paroko.

"Bado naogopa," Fundi ananiambia. Amenunua vizibo vya masikio vya kuvaa kazini, na geti la kwanza kati ya yale manane tayari lina mteja. Anataka kuendelea kuchagua zaburi, maana hiyo ni kazi ya macho na penseli na jiko la mkewe. Do itolewe na mwingine. "Paroko akisema nikae pembeni, nitakaa. Ila zaburi za mpaka mwisho wa mwaka nimeshazipanga, wazitumie."

Chiriku amekuja mazoezini. Fundi anatoa uma wa sauti mfukoni, anaufuta kwa shati, anamkabidhi. Binti anaugonga gotini, anausikiliza, anatoa Do. Mwalimu anainua mikono na kuishusha, kisha anakaza macho kwenye midomo ya wanakwaya aone kama wameanza.