Picha ya Baba na Fahali Wake

Kazi yangu hapa Kitengela ni kudai linki. Mdosi wangu yuko ng'ambo, ana tovuti ya mambo ya safari. Nachukua picha zake, naziweka mahali pale kwenye mtandao unapotafuta kwa picha badala ya maneno, naonyeshwa kila tovuti iliyozitumia bila kuomba. Halafu naandika kwa adabu: umetumia picha yetu, tafadhali weka linki ya kuja kwetu. Linki zikiwa nyingi, tovuti yake inapanda juu watu wanapotafuta mtandaoni. Ni kutafuta ng'ombe aliyepotea tu, unafuata alama ya ubavuni hadi boma la mtu.

Mwezi jana Baba alinipigia simu kutoka Mashuuru. Jirani alikuwa amemwonyesha kwenye simu yake tangazo la watalii, na ndani yake Baba mwenyewe, amesimama na fahali wake.

"Nani ameniiba?" akauliza. "Wewe ndio unajua kompyuta. Nitafutie huyo mtu."

Haki, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ile picha niliipiga mimi. Baba hapendi kupigwa picha. Alikubali siku hiyo moja tu, akasema ni ya nyumbani na ikae nyumbani. Nami, mjinga mimi, wiki ya kwanza kazini nikitaka kuonekana wa maana, nikamtumia mdosi na kutia sahihi kwamba ni yake milele.

Nikaitafuta. Ukurasa baada ya ukurasa, Baba, Baba, Baba. Wengine walikuwa wamemkata wakabaki na fahali. Nikamwomba mdosi tuiondoe. Akajibu, "Picha nzuri sana hiyo! Waandikie wote, dai linki."

Nikaandika. Eeh, niliandika, ningefanyaje na ndiyo kazi inayonilisha? Kila barua ilisema Baba ni mali ya mtu ambaye hata hamjui. Niliona aibu, na bado nikabonyeza tuma.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa boma.

"Umempata?"

Niliinamisha kichwa aniguse utosini, maana hivyo ndivyo tunavyosalimia wazee wetu. Kabla mkono haujanifikia nikasema, "Baba, ni mimi."

Nikangoja. Niliona viatu vyake vya tairi na kivuli cha mkono wake juu ya mchanga. Kivuli hakikusonga, nami sikuthubutu kuinua kichwa.