Siku Meza Yetu Ilipolia Kengele Mbele ya Wakwe

Aibu hii naitoa mwenyewe kabla mke wangu hajawafikia na simulizi yake, maana kwenye simulizi yake mimi nilipiga magoti, na mimi sikupiga magoti, niliinama tu kutafuta swichi. Makosa yangu ya siku ile nimeyahesabu, yalikuwa matatu, nikarudia yakawa manne, lakini lililoyazaa mengine yote ni dogo kabisa: nilikubali kitu kiitwe meza wakati si meza.

Kazi yangu mnaijua. Nanunua na kuuza vitu vilivyotumika hapa Musoma, pasi, feni, cherehani, redio, na bei ya kwanza sijawahi kuikubali tangu nizaliwe (hata kitu nikipewa bure naulizaga kwanza kwa nini). Sasa kuna siku nilifuata jenereta Buhemba, kwenye jengo lililokuwaga klabu ya watu wa mgodi zamani hizo, nikakuta jenereta lenyewe halifai hata kwa chuma chakavu, ila pale pembeni, chini ya turubai na mavi ya popo, kulikuwa na sanduku refu la miguu minne, limefunikwa kioo juu, na kichwani limesimamisha ubao wenye picha. Mzee mlinzi akaniambia, "Hiyo walikuwa wanachezaga Wazungu. Gololi inaruka humo, inagonga kengele."

Ndiyo pinboli hiyo. Kwa ambao hamjaiona: unavuta springi, gololi ya chuma inarushwa mpaka juu, halafu inateremka yenyewe kwa sababu sanduku limeinama kidogo kukuelekea, njiani inagonga vijiguzo, kengele zinalia, namba zinapanda kichwani, na wewe una vibao viwili tu vya kuipigia isidumbukie shimoni. Ikidumbukia, basi. Hushindi kitu. Nilibishana na yule mlinzi mpaka kivuli cha jengo kikahama upande, nikaondoka nayo kwa kubadilishana na baiskeli (baiskeli haikuwa na breki, lakini na yeye mashine yake haikuwa na gololi, hakuna aliyemwonea mwenzake).

Nilikuwa na nia ya kuitengeneza niiuze. Nia hiyo ilikufa wiki ya kwanza. Miezi minne sebule yetu pale Kitaji ikawa gereji. Nilifungua skrubu mia moja na kumi na mbili, nikahesabu tena zikawa mia moja na kumi na tatu, mpaka leo sijui ile ya ziada ilitoka wapi. Mipira yake ilikuwa imeoza, nikakata mingine kwenye tyubu ya baiskeli. Koili mbili zilikuwa zimeungua, nikampelekea fundi wa mota akazisuka upya. Gololi nilifuata Bunda mara mbili, ya kwanza waliyonitolea kwenye beringi ya zamani ilikuwa nene ikakwama shimoni, ya pili ikaingia kama imezaliwa humo. Kwa kuwa umeme wa kwetu ni mkali kuliko iliouzoea, niliitafutia transfoma ya kuupunguza. Mwisho nikaiweka sawa kwa pima maji, mguu huu juu kidogo, ule chini kidogo, siku tatu nzima, mpaka gololi ikawa inateremka bila kupendelea upande. Siku kengele ilipolia mara ya kwanza niliita majirani wote. Walikuja wawili.

Kitu pekee sikukigusa ni ile picha ya kichwani: bibi wa Kizungu, nguo ya kuogelea ndogo kuliko leso ya mkononi, amekaa juu ya mamba, na mamba anacheka. (Aliyeichora hajawahi kufika kisiwani Rukuba, watu wa kule mamba wanawajua na hakuna aliyewahi kumwona anacheka.)

Basi, binti yetu Nyangeta, mwalimu kule Bunda, akapata mchumba, kijana mzuri, ukoo wao uko Butiama. Barua ikaja kwamba Jumapili wazee wake watafika kuzungumza habari ya ng'ombe. Nyangeta akapiga simu. Shikamoo ndefu, hali ya hewa, afya ya paka, nikajua kuna jambo.

"Baba, ile mashine itakuwa wapi siku hiyo?"

"Itakuwa pale pale pake."

"Baba, mimi sitanii. Baba mkubwa wake ni mzee wa kanisa. Zile mashine za kamari zilipoingia pale senta ya kwao, yeye ndiye aliyezifukuza. Alikaa kwenye kiti mlangoni siku nane, kila anayeingia anamtaja jina kwa sauti. Huyo ndiye msemaji wao. Akikataa yeye, wamekataa wote."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mama Nyangeta, aliyekuwa ananisikiliza na mwiko mkononi, akasema neno moja tu, "Itoe."

Ningeitoa! Lakini kuitoa ni kufungua miguu, na kufungua miguu ni kutupa zile siku tatu za pima maji. Nikamwambia, "Tuifunike, mama. Tutasema ni meza."

"Meza gani ina kichwa?"

"Ya Kizungu."

Akaleta vitambaa vyake vyote vya kufuma, kumi na viwili, akaifunika kuanzia kichwani mpaka magotini, ikawa inapendeza kama bibi harusi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Swichi ya mashine iko chini ya tumbo, ya kubonyeza, huioni mpaka uinamie, nami nikakumbuka kwamba jana yake niliiacha imewashwa. Nikapapasa, nikabonyeza, ikazima. Halafu, kwa kuwa mimi kila kitu nafanyaga mara mbili, nikabonyeza tena kuhakikisha.

Ndiyo. Rudieni hapo polepole.

Wageni wakafika wanne: Mzee Wambura, yule baba mkubwa mwenyewe, mrefu, koti la suti na fimbo, Shangazi Nyabise ambaye macho yake yalishamaliza kukagua sebule kabla miguu haijavuka kizingiti, na wazee wawili wa kusikiliza. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yangu Magesa, kwa sababu kwetu baba wa binti hafungui mdomo kwenye mazungumzo ya ng'ombe. Mimi! Mtu ninayebishania bei ya kiberiti! Nikapanga na Magesa: nikikohoa, ongeza.

Chai ikaletwa, sinia likawekwa mezani, na sinia, kwa kuwa meza yetu ina mteremko, likaanza kuondoka taratibu kumfuata Mzee Wambura. Nikalizuia kwa kidole. Nikageuka kumsalimia Shangazi, likaondoka tena.

"Meza yenu imelala," Mzee Wambura akasema.

"Sakafu ndiyo mbaya," nikajibu.

Shangazi Nyabise akaitazama sakafu, akatazama chai iliyojaa upande mmoja wa kikombe, akasema, "Mmh." 

Tukaingia kwenye kazi. Kwetu ng'ombe wa mahari hawatajwi kwa idadi mdomoni, vinasema vijiti, kijiti kimoja ng'ombe mmoja. Upande wao wanaweka vijiti mezani, upande wetu tunatazama kana kwamba hatuoni vizuri, wanaongeza, tunaguna, wanaongeza. Mkishakubaliana vijiti vinafungwa kwa kamba, na fungu likishafungwa halifunguliwi, hata kama aliyefunga alikuwa anaumwa jino. Mzee Wambura akaweka kumi na viwili. Nikakohoa. Magesa akaguna, wakaongeza. Nikakohoa tena, wakafika kumi na sita. Mama Nyangeta akaniletea maji. Nikayanywa, nikakohoa. Vikafika kumi na nane, nimehesabu kwa macho mara mbili, na Magesa alikuwa ameshaanza kutabasamu, mimi mwenyewe nimeshaweka ngumi mdomoni kwa kikohozi kimoja cha mwisho.

Umeme ukarudi.

Kwanza ilikuwa ni ngurumo ndani ya tumbo, maana mashine hii ikiamka inarudisha namba zake zote kwenye sifuri, kra-kra-kra-kra, kama mtu anayesaga mifupa. Halafu taa zikawaka chini ya vitambaa, nyekundu na njano, na vikombe vikaanza kutetemeka. Wale wazee wa kusikiliza wakasimama. Mzee Wambura hakusimama, alipiga meza kwa kiganja, "Nini hiki?" na meza ikamjibu: ting!

Akapiga tena. Ting! Ting!

"Magesa," akasema, macho yametoka, "meza inaongea."

"Ni ya Kizungu," Magesa akajibu, kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia.

Wakati huo mimi nipo chini natafuta swichi (hapo ndipo pa magoti), na juu yangu Shangazi Nyabise akasema, "Na huyu mwanamke je?" Nikachungulia. Ubao wa kichwani ulikuwa umewaka wote, na kupitia matundu ya vitambaa vya kufuma yule bibi na mamba wake walionekana vizuri kuliko siku zote. Shangazi akashika pindo, akavuta vitambaa vyote kumi na viwili kwa mpigo, sinia likaenda, vijiti vikatawanyika kwenye kioo na sakafuni, na pinboli yangu ikabaki uchi mbele ya wazee wa Butiama, inang'aa.

Mzee Wambura akatazama tundu la kutumbukizia sarafu. Alilitazama kama mtu aliyemkuta adui yake wa zamani amejificha kwa jirani.

"Kamari," akasema. "Inukeni. Sisi hatuchukui mke kwenye nyumba ya kamari."

Mlango wa chumbani ukafunguka, Nyangeta, aliyekuwa amekuja toka Bunda kwa siku hiyo, akatoka.  Alinitazama tu, na mimi ninayejua bei ya kila kitu sikuwa na cha kumpa. Nikafungua mdomo, mila au si mila.

"Mzee wangu, kamari inatoa hela. Hii haitoi kitu."

Akasimama mlangoni. "Haitoi?"

"Hata senti. Unacheza, gololi inadumbukia, unakwenda nyumbani."

"Basi hiyo ni mbaya kuliko kamari!" akapaza sauti. "Wale wa senta angalau waliwatolea watu mara moja moja!"

Shangazi Nyabise akacheka. Alijizuia, lakini nilishasikia, nikajua kuna mlango umebaki wazi kidogo. Nikavuta kile kioo cha juu nje chote, nikasema tazameni wenyewe, ingizeni mikono, mkikuta hata sarafu moja nyumba hii ni yenu. Shangazi akaingiza mkono mpaka begani. Hakuna. Mzee Wambura akachungulia, akapekua, akagusa mpira wa tyubu.

"Huu ni wa baiskeli."

"Ndiyo, mzee."

"Umekata mwenyewe? Umekata vizuri." Akauvuta kidogo kuupima. "Na hii springi inafanya nini?"

Nikarudisha kioo, nikamwonyesha mara moja tu. Halafu akasema ajaribu, ili ahakikishe kweli haitoi. Mara ya kwanza gololi ikadumbukia. Ya pili akaipiga kwa kibao, ting-ting-ting, akashtuka, akavua koti. Ya tatu ilipoelekea shimoni akaisukuma mashine kwa nyonga kama mtu anayemtoa ng'ombe kwenye shamba la mtu, na mashine ikazima taa zote. (Imeundwa hivyo, ukiitikisa inasusa.)

"Imekufa?"

"Imesusa. Haitaki kusukumwa."

"Kumbe ina heshima zake," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Anzisha tena."

Nikaanzisha. Nikasimama kando yake namfundisha, mguu hivi, kidole hivi, subiri kwanza, subiri, sasa! Nyuma yetu Magesa alikuwa anaokota vijiti. Akaviweka pamoja, akasema kwa sauti, "Ndugu zetu, tufunge?" Mzee Wambura, gololi ikiwa juu, akajibu, "Funga, funga!" na mimi, Mungu anisamehe, nikadakia, "Funga bwana, usitupotezee muda!" Shangazi akapiga kigelegele. Mama Nyangeta akaitikia. Nyangeta analia na kucheka, ndoa ipo, na mimi nimeinamia mashine nashangilia namba zisizonunua hata chumvi.

Walipoondoka nililichukua fungu. Kumi na sita. Nikahesabu tena. Kumi na sita.

"Magesa, vilikuwa kumi na nane."

"Nimeokota vyote vilivyokuwa sakafuni na kwenye vitambaa, kaka. Na wewe ndiye umesema nifunge."

Kesho yake nilifungua kioo ili nisafishe, nikavikuta viwili vimejificha chini ya ukingo, karibu na mdomo wa shimo la gololi. Nilivitelezesha mwenyewe nilipokuwa navuta kioo kuwaonyesha kwamba mashine hii haili mali ya mtu. Ng'ombe wawili. Na fungu halifunguliwi.

Nimejiapia mambo mawili: swichi nikishaibonyeza siibonyezi tena, na kitu chenye kichwa sitakiita meza maisha yangu yote. Nyangeta anaishi vizuri na mumewe, hilo sitalibishania bei. Vile vijiti sikuvitoa, nilivibandika ndani, kando ya shimo, vinikumbushe. Shida ni kwamba Mzee Wambura siku hizi anakujaga Musoma kila Jumapili ya pili "kuwasalimia wakwe," anavua koti kabla ya kumaliza shikamoo, na wiki iliyopita, gololi yake imedumbukia, akainamisha uso kwenye kioo.

"Mkwe," akaniuliza, "hivi vijiti viwili humu ndani ni vya nini?"

Nilimwambia ni spea.