Banda la Manjano la Bernadine Kaczala

Jumamosi, tarehe 9 Mei 2015, banda la kuku la Bernadine Kaczala lilikamilika nyuma ya nyumba yake huko Toledo, Ohio. Hilo limethibitishwa: ipo picha aliyopigwa siku hiyo, nyundo mkononi, na kivuli cha jirani aliyempiga picha kimelala juu ya nyasi.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na kiwanda cha viti vya magari alikoshona nusu ya maisha yake kilikuwa kimefungwa. Nyumba ya wazazi wake, mtaa wa pili, ilikuwa imesimama tupu kwa muda mrefu. Manispaa ilipoitia alama ya kubomolewa, Bernadine aliiwahi mashine. Alikwenda na toroli, akang'oa milango minne, madirisha mawili na nguzo za baraza ambazo baba yake alizipaka rangi kila baada ya Pasaka, tabaka juu ya tabaka, manjano ileile. Mifupa ya banda aliiunda kwa mbao za kubebea mizigo zilizotupwa nyuma ya duka, na paa kwa mabati ya gereji iliyoanguka. Alichonunua ni misumari, bawaba na wavu.

Milango ikawa kuta. Rangi yake ilikuwa imepasuka kama matope yaliyokauka, lakini hakutaka kuifunika kwa rangi mpya; aliitaka ya baba yake. Akaisugua kwa brashi ya waya na msasa palepale uani, juma zima, mpaka manjano ya chini ikatokeza laini. Magamba na vumbi vilianguka kwenye udongo ambao kuku wangekuja kuuparua.

Renita Boykin, mpangaji wa nyumba ya jirani, alikuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa uzio. Alikuwa amembeba kiunoni bintiye Amari, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili.

"Bi Bernadine, hilo ni banda au ni kanisa?"

"Kanisani watu wanatoa sadaka. Hawa watakaa bure."

"Bure! Mimi nalipa kodi na dirisha langu halifunguki. Nihamie humo?"

"Unataga?"

Renita alicheka mpaka mtoto naye akacheka, bila kujua kisa.

"Haya, lakini wakinipigia kelele alfajiri, nawaita manispaa."

"Majike hawawiki, mwanangu. Na mayai ya kwanza ni ya huyo mdogo."

Ndivyo walivyoishi mtaani pale: mwenye kuku alimnyamazisha jirani kwa mayai. Bernadine alitimiza ahadi. Tangu Agosti, kila Ijumaa, Renita alipitisha bakuli la buluu juu ya uzio, nalo likarudi limejaa. Amari alikula kiini na kuacha ute. Wapita njia walisimama kichochoroni kulipiga banda picha, na Bernadine, ambaye tangu kiwanda kifungwe hakuwa amesifiwa kwa lolote, alitafuta sababu ya kuwa uani kila waliposimama.

Mwezi Oktoba kuku mmoja alianza kuyumba, kinyesi chake kikawa kijani kibichi, akafa. Wa pili akafuata. Bernadine alidhani ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku, akampeleka wa tatu maabara ya mifugo. Jumanne simu ikalia. Mwanamke wa maabara alimweleza kwamba kuku yule ameuawa na sumu ya madini ya risasi, kisha akauliza kama banda lina rangi ya zamani, ile iliyochanganywa na risasi. Aliuliza pia, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu:

"Na mayai yanaliwa na nani?"

"Na mimi," alijibu Bernadine.

Ijumaa bakuli lilipita juu ya uzio kama kawaida.

"Wamegoma kutaga," alisema Bernadine, akilirudisha tupu. "Baridi hii."

"Baridi gani? Umewadekeza tu. Kwenye majumba ya manjano nani atafanya kazi?"

Mayai ya juma lile yalikuwa kwenye pipa la taka, chini ya magazeti. Bernadine alijiambia kwamba mtoto hatapewa tena yai hata moja, kwa hiyo madhara yamekoma, na kusema kungeleta hofu tu.

Juma lililofuata Renita hakuja kwenye uzio. Alibisha hodi mlangoni, bado amevaa koti la kazini.

"Wamempima Amari damu. Ina risasi. Wanasema ni rangi ya madirisha. Nimeyafuta mpaka vidole vimechubuka, na mwenye nyumba ananiambia nikileta wakaguzi nifungashe virago. Bi Bernadine, wewe mwenyeji hapa. Waliokaa mle kabla yangu, watoto wao waliugua?"

Bernadine angeweza kuitikia kwa kichwa tu, na yote yangebaki madirishani. Alishika mwimo wa mlango.

"Si madirisha peke yake, mwanangu. Ni mayai yangu. Ile milango ya baba."

Renita alimtazama kana kwamba anasubiri mzaha umalizike.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Jana?"

"Ile ya wiki iliyopita."

Renita alihesabu siku kwa vidole.

"Kwa hiyo ile Ijumaa kuku hawakugoma."

"Hawakugoma."

"Nami nikakutania."

"Mwanangu, niliogopa..."

"Usiniite mwanangu."

Mkaguzi wa manispaa alipokuja, alikuta risasi katika milango ya manjano, katika udongo wa uani, na katika madirisha ya Renita pia. Watu waliovaa barakoa walilivunja banda, wakazifunga mbao kwa plastiki na kuzibeba. Bernadine aliomba aachiwe nguzo moja. Walikataa. Kuku waliosalia walichinjwa wakafukiwa, kwa kuwa hawakufaa kuliwa.

Kabla ya Krismasi Renita alipakia vyombo vyake kwenye gari la shangazi yake na kuondoka na Amari. Hakuaga. Bakuli la buluu lilibaki chini ya uzio, upande wa Renita, mpaka theluji ikalifunika.

Haijulikani ni kiasi gani cha risasi iliyokutwa katika damu ya Amari Boykin kilitoka kwenye mayai na ni kiasi gani kilitoka madirishani. Haijulikani pia ilimwathiri vipi, wala alipo sasa.