Jembe Alilopewa Mpika Sabuni

Nilipoolewa katika mji wa Baraka, miaka ile ya hamsini, neno la kwanza nililoambiwa na mama mkwe lilihusu pilipili. Nisitie hata moja kwenye chakula cha mume wangu. Nikadhani nimepewa mwanamume mwenye tumbo bovu, nikaanza kujuta. Kumbe ni kazi yake.

Alikuwa mpika sabuni katika kiwanda kidogo cha tajiri mmoja, karibu na ziwa. Walichemsha mawese na soda kali kwenye sufuria ya chuma ambayo watu wanne walihangaika kuisogeza. Kipimo cha kujua sabuni imeiva kilikuwa ulimi wake. Alichota tone kwa mwiko, akalipoza, akaligusa kwa ncha ya ulimi. Likimuuma, moto uliendelea, likinyamaza, walizima. Ulimi uliozoea pilipili usingesikia kitu. Basi sombe yake, yale majani ya muhogo, nilipika bila pilipili, pilipili yangu nikaiponda pembeni, naye alinitazama nikila huku nafuta kamasi, akanicheka mpaka chakula chake kikapoa.

Hata leo nikisikia harufu ya mawese yanayochemka, narudi pale. Akina mama walitoka Swima na Nundu kununua vipande vilivyokatwa kwa waya, vyenye rangi ya udongo, wakisifu kwamba sabuni ile haichubui mikono. Nilijifanya sisikii. Nilikuwa na maringo, sitaficha.

Kisha meli zikaanza kuleta sabuni ya Ulaya, nyeupe, imefungwa kwenye karatasi, inanukia maua, na bei yake ilikuwa chini ya yetu. Mimi mwenyewe nilinunua mche mmoja nikauficha katikati ya nguo. Haikuchukua muda, tajiri akafunga kiwanda akaenda zake. Sufuria ikabaki pale pale chini ya bati.

Serikali, ambayo sisi tuliiita Leta, ikawaita wanaume wote wa kiwanda kwenye bureau, ofisi yake. Nikamfuata mume wangu, nikasimama dirishani. Karani akawasomea msaada wao: kila mmoja jembe, panga, mbegu za pamba na shamba njia ya Lubondja. Ila fundi angeweza kuomba vyombo vya ufundi wake badala ya hivyo.

Mume wangu akasogea mbele. "Mi niko mupishi wa sabuni. Munipatie ile sufuria kubwa ya usine, nitapika mi mwenyewe."

Karani akapitisha kidole kwenye orodha yake ya mafundi, kwa seremala, kwa mshona nguo. "Iko menuisier, iko tailleur. Mupishi wa sabuni haiko mu liste. Nitaandikia bwana administrateur, utangojea. Shika jembe yako kwanza."

Akamnyooshea jembe. Mume wangu akaweka mikono nyuma. Watu wakakohoa, wakatazamana, na mimi nikaona aibu. Kwetu kitu ukinyooshewa unakipokea, na kwa mikono miwili. Kukiacha mkononi mwa mtu ni kumtukana mbele za watu. Nikasema pale dirishani, "Pokea, baba. Batu banatuangalia."

Akapokea, kwa mikono miwili.

Kwetu pia, mwanamume hukata miti akamwachia mkewe jembe. Kwa hiyo serikali ilimsaidia mume wangu, na mimi nikalima. Lakini moniteri wa kilimo, yule bwana shamba wa serikali, alipopita alitaka kumwona mwenye jina kwenye daftari, si mke wake. Ikabidi nimfundishe. Jamani, nilicheka! Kila akipiga jembe aliinama kuchungulia udongo, kama bado yuko kwenye sufuria yake. Siku moja nikamkuta ameuweka kidogo ulimini. Nikamuuliza, "Inaiva?" Akatema, naye akacheka, tukakaa chini pale shambani mpaka mbavu zikauma. Sijawahi kumpenda kama siku ile.

Pilipili hakugusa. Kila tuliposhuka Baraka alipita bureau kuulizia barua, kisha alipita kuitazama sufuria. Mara moja niliona ameishika ukingoni kwa kiganja, amesimama tu.

Jibu lilifika pamba ilipoanza kupasuka. Karani hakuwa mtu mbaya. Aliinuka kitini kumwambia.

"Bwana amekubali bapishi wa sabuni baingie mu liste. Lakini wewe ulisha shika jembe, papa. Muntu anasaidiwa mara moja."

Mume wangu akamshukuru. Tukatoka. Tulipopita kiwandani, sufuria ilikuwa imejaa chokaa. Vibarua walikuwa wakiikorogea humo kupaka nyumba za serikali. Hakusimama. Njia nzima nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyemwambia apokee, na ule mche wa sabuni pia nimwambie. Sikusema hata kimoja.

Sisemi vibaya juu ya pamba ile. Ilitulisha, na watoto wetu walisoma kwayo. Lakini jioni ya siku hiyo niliteleka sombe kama kawaida, nikaketi kuponda pilipili yangu pembeni. Akasema, "Mama, na yangu utie."

Nikamtazama. Nikatia moja, ndogo kabisa. Akala, machozi yakamshuka, akasema inawasha. Nikamwambia atazoea. Nilisema hivyo kwa mdomo tu, maana sikutaka azoee.