Mkwe Aliyeruka Pembeni mwa Picha

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mkasi, na jina hilo hakulipata bure. Ukimpelekea picha yenye watu saba, uombe Mungu warudi watano. Watani walisema ukitaka kumtoa shemeji kwenye ukoo huna haja ya kuitisha kikao, mpelekee Mkasi tu.

Mwenyewe alikuwa na jibu. "Picha si gunia, kwamba kazi ni kujaza." Alikuwa na vipande viwili vya kadibodi, alivyovikata kwenye boksi la viatu kwa umbo la kona. Alivilaza juu ya picha, akavisogeza huku na huku, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, mpaka kibaki kile tu kinachostahili kubaki. Na jamani, tumpe haki yake, jicho alikuwa nalo. Ndoo iliyojipenyeza, nguzo ya umeme iliyoota kichwani mwa bwana harusi, vyote vilitoweka na picha ikapumua.

Balaa lilianzia kwenye harusi yake mwenyewe. Bwana harusi gani, siku tatu tu baada ya ndoa, anakaa kupima picha yake kwa kadibodi? Huyu hapa. Aliona upande wa kushoto umezidi uzito, akachukua wembe, akaukata. Aliyeanguka chini ya meza alikuwa mama mkwe.

Miaka ishirini na miwili ikapita. Mama mkwe alikuja kwa binti yake, akala, akabeba wajukuu, lakini studio hakuikanyaga. Mkasi akimwamkia, aliitikia "marahaba" huku akitazama mlango. Akihitaji picha ya kitambulisho, alivuka barabara hadi kwa mpiga picha wa pili, mtu ambaye hata kamera kuishika sawasawa hajui! Hilo lilimchoma Mkasi kuliko yote.

Basi siku moja mkewe akamjia, kidole juu. "Mama anatimiza miaka sabini. Amekubali picha moja ya familia, na amekubali uipige wewe. Sasa sikiliza, baba watoto. Ukimkata tena, beba godoro lako uhamie studio."

Mkasi alijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Alimketisha mama mkwe kwenye kiti cha sebuleni, mkewe nyuma yake, watoto wawili magotini. Yeye angesimama kulia. Akaitega kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akabonyeza, akatimua mbio. Mguu ukanasa kwenye zulia. Kamera ikalia akiwa hewani, mdomo wazi, kiatu kimoja kimeshamtangulia.

"Turudie," alisema kutoka sakafuni.

"Mimi nimeshapigwa," alisema mama mkwe, akainuka. "Mara moja nilisema, na mara moja imetosha."

Aliporudi studio, Mkasi alichapa nakala ndogo, akaiweka mezani, akashika kichwa. Mama mkwe alikuwa anacheka. Kicheko cha meno yote, macho yamefumba nusu, miaka thelathini ikiwa imemwondoka usoni. Hakuwa amewahi kupiga picha nzuri kama ile. Na pembeni, lile zimwi linaloruka.

Akatoa kadibodi zake. Kushoto akaondoa mlango na ndoo, hapo hapakuwa na mjadala. Kulia akajiondoa mwili, kiatu kikabaki kinaelea. Akasogeza tena, kiatu kikaondoka, lakini sasa macho ya familia nzima yakawa yanagonga ukingo wa picha, yanatazama pasipo na kitu. Alijua kanuni hiyo vizuri kuliko jina lake: macho yanataka nafasi mbele yake. Alijua, lakini aibu nayo! Fundi wa miaka thelathini atundikwe ukutani miguu juu, wageni wanywe chai wakimtazama? Akajikata.

Jioni akampelekea mama mkwe picha ndani ya fremu, ameishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

Mama aliipokea fremu. Aliitazama picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mimi humu nacheka nini?"

"Mama, umependeza tu..."

"Nimekuuliza nacheka nini. Mtu mzima hachekei ukuta, watu watasema nimechanganyikiwa. Yuko wapi aliyenichekesha?"

"Nimemkata, mama. Alikuwa anaharibu."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, alijifunika mdomo kwa mkono.

Mama mkwe alifungua mkoba wake taratibu. Kutoka mfuko wa ndani, katikati ya kadi za hospitali, akatoa ukanda mwembamba wa picha uliochakaa. Humo alisimama mwanamke wa makamo aliyevalia vazi la sherehe, akitabasamu, na alama ya soli ya kiatu ikipita kifuani mwake.

"Nilikuja studio kuwasalimia maharusi," alisema. "Nikajikuta sakafuni, chini ya meza yako. Nikajiokota mwenyewe, nikaondoka." "Mimi nimekaa huko nje ya picha miaka ishirini na miwili, mwanangu, na kuna baridi. Sitaki mtu mwingine apelekwe huko. Nirudishie mpumbavu wangu."

Mkasi alitaka kuomba radhi kwa maneno mazuri aliyoyatunga tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Yote yalimkimbia. Alilia kama mtoto, naye mama mkwe akamwacha alie, maana deni lilikuwa la muda mrefu.

Asubuhi yake mlango wa studio ulifunguliwa, na mama mkwe akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Picha ya miaka sabini ilikuwa imeshachapwa upya nzima, na zimwi lake, na kiatu chake, na hata ndoo. Mama akaipungia mkono, akaketi, akaweka ule ukanda mezani. Mkasi akashusha picha ya harusi ukutani na kuchukua gundi. Alibandika polepole, jasho likimtoka, ukingo kwa ukingo. Alipomaliza, mshono ulionekana waziwazi. Akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja kwa mazoea.

"Kushoto kumezidi uzito," yakamtoka.

"Utazoea," alisema mama mkwe.